Kinga Ivunjwapo Kabla ya Chanjo: Gumboro na Kideri kwa Vifaranga wa Garsen na Tana River

Utangulizi

Katika vijiji vilivyo kando ya Mto Tana, kuanzia Hola hadi Garsen na kuteremka mpaka Kipini ambako mto huingia Bahari ya Hindi, ni nadra kuuona mji wa mkulima usio na kuku. Kuku ndiye akiba iliyo karibu na mkono. Huuzwa karo inapodaiwa, huuzwa nauli ya kwenda hospitali inapotafutwa, na huchinjwa mgeni anapobisha hodi. Aghalabu mali hii ni ya akina mama na vijana, watu ambao hawana ng'ombe wa kuuza wala shamba kubwa la mpunga. Kwa hiyo kundi la kuku linapoteketea, hasara huwaangukia wale ambao hawana pengine pa kuegemea.

Mwuaji mkuu wa kuku hao anajulikana kwa jina: kideri. Chanjo yake ipo, na wafugaji wengi wameisikia. Hata hivyo, hutokea mara kwa mara mfugaji akawachanja vifaranga wake kama alivyoelekezwa, kisha baada ya majuma machache kideri kikaingia na kuwafagia waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa. Hapo ndipo linapozuka swali zito: ikiwa chanjo haikuwaokoa, ina faida gani? Jibu la haraka ni kwamba chanjo haifai. Mfugaji aliyefikia uamuzi huo huacha kuchanja, na jirani aliyeyaona yaliyompata huacha pia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo la haraka huenda likamwacha mkosaji halisi akijificha. Yapo maradhi mengine ya virusi, yaitwayo Gumboro, ambayo humwingia kifaranga akiwa mdogo, humwacha akionekana mzima, lakini huwa yameharibu kiungo ambacho chanjo ya kideri inakitegemea. Kirusi cha kwanza hukiandalia njia kirusi cha pili. Yataelezwa hapa jinsi jambo hilo linavyotukia, kwa nini mazingira ya Garsen yanahitaji uangalifu wa pekee, na hatua ambazo mfugaji anaweza kuzichukua.

Kideri: adui ajulikanaye

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, hujulikana katika vitabu vya utabibu wa mifugo kwa jina la Newcastle. Jina hilo latokana na mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926, mwaka uo huo ulipoonekana pia katika kisiwa cha Java. Nchini Kenya uliripotiwa katika eneo la pwani mwaka 1935, na tangu wakati huo haujaihama nchi.

Kirusi cha kideri hushambulia njia ya hewa, utumbo na mishipa ya fahamu. Kuku hukoroma na kupumua kwa kinywa wazi, huhara kinyesi cha rangi ya kijani, kisha baadhi yao hupinda shingo, huburura mabawa au hupooza miguu. Pale ambapo kuku hawajachanjwa, aina kali ya kirusi hiki yaweza kuua takriban kundi zima katika muda wa siku chache. Dawa za kuua bakteria hazikiwezi. Kinga inayotegemewa ni chanjo, ikiandamana na usafi na tahadhari.

Ni muhimu kufahamu kwamba chanjo si dawa. Chanjo ni somo. Kifaranga hupewa kirusi kilichopunguzwa makali, kisichoweza kumwua, ili mwili wake ukisome na kuikariri sura yake. Baada ya somo hilo, mwili hutengeneza kingamwili, yaani chembechembe ndogo za protini zinazosafiri katika damu na kumshika adui huyo siku atakapokuja kwa makali yake yote. Somo lolote huhitaji mambo matatu: mwalimu aliye hai, mwanafunzi mwenye utulivu, na darasa la kufundishia. Likikosekana moja, mtihani utakapofika mwanafunzi ataanguka.

Gumboro: adui asiyeonekana

Gumboro nayo ilipata jina kutokana na mahali. Mwaka 1962, mtaalamu Cosgrove alieleza ugonjwa mpya wa kuku uliozuka karibu na Gumboro, katika jimbo la Delaware nchini Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilitokea Ulaya aina kali zaidi za kirusi hicho, zikasambaa katika mabara mengine. Nchini Kenya, taarifa za awali za ugonjwa huu zilitoka pwani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamekwisha kukitenga kirusi chake kutoka kwa kuku wa humu nchini, nao kuku wa kienyeji hawakusalimika.

Gumboro ina sura mbili. Sura ya kwanza huonekana kwa vifaranga wenye umri wa kati ya majuma matatu na sita. Kifaranga hujikunyata, manyoya humtimka, huhara majimaji meupe, na mara nyingine hujidonoa kwenye tundu la kutolea kinyesi. Akipasuliwa baada ya kufa, mabaka ya damu huonekana katika misuli ya mapaja na kifua. Vifo huanza ghafla, huongezeka kwa siku chache, kisha hupungua, na katika muda wa juma moja hivi waliosalia huonekana kupona.

Sura ya pili ndiyo yenye hila. Kifaranga akiambukizwa kabla ya kutimiza majuma matatu, aghalabu haonyeshi dalili yoyote. Hula, hunywa, hukimbia nyuma ya mamaye kama wenzake. Mfugaji hana sababu ya kushuku lolote. Ilhali ndani ya mwili huo mdogo, uharibifu mkubwa umefanyika.

Fauka ya hayo, kirusi cha Gumboro ni sugu mno. Uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 1960 ulibaini kwamba banda lililokuwa na kuku wagonjwa liliweza kuambukiza kuku wengine hata baada ya siku 122 tangu wagonjwa kuondolewa, na kwamba maji, chakula na kinyesi kutoka katika mabanda hayo viliendelea kuambukiza kwa siku 52. Kwa hiyo tundu lililoachwa wazi kwa miezi mitatu bila ya kusafishwa haliwezi kuitwa salama kwa sababu tu halina kuku.

Kifuko cha Fabricius na safari ya kukielewa

Ili kuelewa uharibifu huo, yafaa kukitazama kiungo kimoja kidogo ambacho ndege wanacho na binadamu hana. Juu ya tundu la kutolea kinyesi, kwa ndani, kifaranga ana kifuko cha mviringo. Kifuko hicho hukua katika majuma ya mwanzo ya maisha, kisha husinyaa kuku anapobaleghe. Huitwa kifuko cha Fabricius, kwa jina la mwanaanatomia wa chuo kikuu cha Padua, Italia, aliyekieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1621, miaka miwili baada ya kifo chake. Fabricius alidhani kwamba kifuko hicho kilikuwa ghala la mbegu za jogoo. Dhana yake ilikuwa na makosa, lakini kazi halisi ya kiungo hicho haikujulikana kwa zaidi ya miaka 300 iliyofuata.

Siri ilifichuka kwa njia ambayo wanafunzi wa vyuo wanaweza kuifurahia. Katika miaka ya 1950, Bruce Glick, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, aliwapasua vifaranga na kuwaondoa kifuko hicho ili aone kingetokea nini. Mwenzake, Timothy Chang, alihitaji kuku wa kuwaonyeshea wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili, akapewa baadhi ya kuku hao. Alipowadunga bakteria ya salmonela, kuku wasio na kifuko hawakutengeneza kingamwili kama ilivyotarajiwa. Onyesho lililoelekea kuharibika likawa ugunduzi. Jarida moja kubwa la sayansi liliikataa makala yao. Hatimaye ilichapishwa mwaka 1956 katika jarida la wataalamu wa kuku, na ikachukua miaka kadhaa kabla ya uzito wake kutambuliwa.

Leo yafahamika kwamba kifuko hicho ndicho shule ya chembe za damu zinazotengeneza kingamwili. Chembe hizo huingia humo zikiwa changa, hukomaa, kisha hutawanyika mwilini kwenda kulinda. Huitwa chembe B, na herufi hiyo imetokana na jina la kitaalamu la kifuko chenyewe, bursa. Binadamu hana kifuko hicho. Chembe B zake hukomaa katika uboho wa mifupa. Hata hivyo, jina lililotokana na kiungo cha kuku ndilo linalotumika hadi leo katika utabibu wa watu.

Jinsi kirusi kimoja kinavyokifungulia kingine mlango

Kirusi cha Gumboro huchagua kushambulia chembe B changa, zile zile zinazosomea katika kifuko cha Fabricius. Kifaranga hukimeza kirusi pamoja na maji, chakula au uchafu. Kutoka utumboni kirusi huingia katika damu na kufika katika kifuko. Kufikia siku ya 3 baada ya maambukizi kifuko huanza kuvimba, na siku ya 4 uzito wake huweza kuwa maradufu. Kisha hugeuka na kusinyaa. Kufikia siku ya 8 hubaki na takriban thuluthi moja ya uzito wake wa awali. Shule imeungua, na wanafunzi waliokuwamo wameungua nayo.

Sasa na ifikiriwe hali ya kifaranga huyo anapofikishiwa chanjo ya kideri juma moja au mawili baadaye. Mwalimu amekuja, yu hai na ana somo kamili, lakini darasa halipo. Kirusi cha chanjo huingia jichoni, hupita mwilini, na hakuna chembe za kutosha za kukisoma. Kingamwili zinazotengenezwa huwa chache au hukosekana. Mfugaji akimtazama kifaranga wake haoni tofauti yoyote kati yake na yule aliyechanjwa akiwa na kifuko kizima. Tofauti huonekana siku ile kideri cha kweli kinapobisha hodi.

Haya si makisio. Mwaka 1972, watafiti Allan, Faragher na Cullen walichapisha nchini Uingereza matokeo yaliyoonyesha kwamba kuku walioambukizwa Gumboro mapema walishindwa kujenga kinga ifaayo baada ya kuchanjwa dhidi ya kideri. Uchunguzi uliofuata mwaka 1974 ulipima umri wa maambukizi. Vifaranga walioambukizwa wakiwa na umri wa siku 1 ndio walioathirika zaidi. Walioambukizwa wakiwa na siku 7 waliathirika kwa kiasi cha wastani, na walioambukizwa wakiwa na siku 14 au 21 hawakupungukiwa sana. Funzo lake ni bayana: maambukizi yanavyokuja mapema ndivyo hasara inavyozidi. Kifaranga mkubwa kidogo amekwisha kutuma baadhi ya wahitimu wake mwilini, na hao wanaweza kulinda hata shule ikiungua. Kifaranga wa siku moja hajamtuma yeyote.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watayakumbuka maneno waliyoyazoea tangu kuzuka kwa UKIMWI: upungufu wa kinga na magonjwa nyemelezi. Ulinganisho huo unasaidia, ila una mipaka yake. Mosi, Gumboro haiwaambukizi watu, wala nyama ya kuku aliyeponea haimletei mlaji upungufu wa kinga. Pili, kideri si ugonjwa nyemelezi kwa maana kamili, kwa sababu huua hata kuku mwenye kinga timamu ikiwa hajachanjwa. Hasara ya Gumboro ni kwamba humpokonya kuku manufaa ya chanjo. Wanyemelezi wa kweli ni bakteria wa kawaida waliomo katika kinyesi na vumbi, ambao kuku mzima huwastahimili na kuku aliyeharibiwa kifuko hushindwa nao. Tatu, uharibifu haulingani kwa kila kifaranga. Zipo kinga nyingine mwilini ambazo hazitegemei kifuko, na wapo kuku wanaojijenga upya kwa kiasi fulani.

Si kila mara virusi viwili vikutanapo kimoja humsaidia mwenzake. Wakati mwingine kimoja humzuia mwingine. Mwaka 1957, jijini London, Isaacs na Lindenmann walitumia utando wa yai la kuku lenye kiinitete kuonyesha kwamba chembe zilizoguswa na kirusi cha mafua hutoa kitu kinachozuia kirusi kingine kuzaana. Walikiita kitu hicho interferoni. Kizuizi cha aina hiyo, hata hivyo, hudumu kwa muda mfupi. Uharibifu wa kifuko kwa kifaranga wa siku moja waweza kudumu maisha yake yote.

Hali ya Garsen: washukiwa watatu

Kuku waliochanjwa wanapokufa kwa kideri huko Garsen, Minjila, Tarasaa au Ngao, haifai kuikimbilia Gumboro na kuibebesha lawama yote. Wapo washukiwa watatu, na kila mmoja ana nafasi yake.

Mshukiwa wa kwanza ni joto. Garsen iko katika nyanda za chini zenye jua kali, na chanjo nyingi za kideri ni virusi hai vinavyohitaji baridi. Chanjo ikitoka Malindi au Mombasa kwa gari, ikakaa dukani ambako umeme umekatika, kisha ikabebwa kwa pikipiki bila ya barafu hadi kijijini, huenda ikafika imekufa. Mwalimu amefia njiani. Kwa sababu hii, chanjo iitwayo I-2, iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, ina thamani ya pekee: huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Kuvumilia, hata hivyo, si kutokufa. Nayo yahitaji kivuli na ubaridi.

Mshukiwa wa pili ni kinga ya mama. Tetea mwenye kinga humrithisha kifaranga kingamwili kupitia kiini cha yai. Urithi huo hupungua kwa nusu kila baada ya siku nne au tano hivi. Ungali mwingi, huweza kukikamata kirusi cha chanjo kabla mwili wa kifaranga haujapata kukisoma. Ndiyo maana chanjo iliyotolewa mapema mno hurudiwa.

Mshukiwa wa tatu ndiye Gumboro. Hapa urithi wa mama unageuka kuwa rafiki. Kifaranga aliyeanguliwa na tetea mwenye kinga ya Gumboro huwa na ulinzi katika zile siku za mwanzo ambazo kifuko chake ni cha thamani kuliko wakati wowote. Aliyeanguliwa na tetea asiye na kinga hiyo huanza maisha akiwa wazi kabisa.

Mambo mawili ya eneo hili humwongezea nguvu mshukiwa huyu wa tatu. La kwanza ni mafuriko. Mto Tana ulifurika vibaya wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukafurika tena mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024. Familia zinapohamia miinuko na kambi, hubeba kuku waliosalia. Kuku wa vijiji vingi hukusanyika mahali pamoja, hula na kunywa pamoja, na vifaranga hulala juu ya kinyesi cha kuku wasiojulikana walikotoka. Wakati uo huo barabara hukatika, kama ilivyotokea katika barabara ya Garsen na Lamu karibu na Gamba mnamo Novemba 2023, na chanjo haziwezi kupita. La pili ni biashara ya vifaranga. Vikundi vya wafugaji hununua vifaranga wa kienyeji walioboreshwa kutoka mbali ili kukuza mapato, na hilo ni jambo jema. Lakini vifaranga wengi wa rika moja wakikaa katika banda moja, kirusi kinachopita kwa kinyesi hupata karamu, kisha huwafikia kuku wa kijiji.

Namna ya kumtambua mkosaji

Ushahidi haupatikani kwa kubahatisha. Afisa wa mifugo anapompasua kifaranga aliyekufa, hukitazama kifuko. Kikiwa kimevimba, kina ute wa manjano au damu, yamkini Gumboro iko katika siku zake za mwanzo. Kikiwa kimesinyaa na kuwa cha kijivu kwa kifaranga ambaye hajafikia umri wa kubaleghe, huenda ugonjwa ulikwisha kupita. Kwa uhakika zaidi, mizoga ambayo haijaoza, iliyowekwa katika barafu, hupelekwa katika maabara ya uchunguzi wa mifugo, kama vile ile ya Mariakani au ya Garissa. Damu ya kuku wachache, ikichukuliwa majuma mawili au matatu baada ya kuchanja, yaweza kuonyesha kama kingamwili za kideri zimepanda au la. Zikiwa hazikupanda ilhali chanjo ilihifadhiwa vyema na kutolewa kwa wakati ufaao, macho hugeukia kifuko.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kutoacha kuchanja dhidi ya kideri. Taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, KEVEVAPI, iliyoanzishwa mwaka 1990, huitoa humu nchini. Chanjo ya I-2 hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuku aliyekwisha kuugua asitegemewe kuponywa nayo.

Hatua ya pili ni kununua chupa kwa ushirika. Chupa moja ya chanjo huweza kuwa na dozi 100 au zaidi, na ikishachanganywa haikai. Mwenye kuku kumi na watano ataona ni hasara. Majirani wakipatana siku moja asubuhi, kila mmoja akachangia, chupa haipotei na kijiji kizima hulindwa. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wao walikusudia vijinga vya moto, lakini kwa mfugaji wa kuku methali hiyo yafaa kwa maana zote mbili za neno kinga.

Hatua ya tatu yawahusu wanaolea vifaranga wengi pamoja. Hao wachanje pia dhidi ya Gumboro, kwa kawaida kuanzia juma la pili la umri na kurudia kulingana na ratiba ya afisa wa mifugo. Chanjo hiyo mara nyingi hutiwa katika maji ya kunywa, nayo maji yasiwe na dawa ya klorini, kwani dawa hiyo huiua. Anayenunua vifaranga amwulize mwuzaji mama zao walichanjwa dhidi ya magonjwa gani. Swali hilo moja laweza kumwokolea fedha nyingi.

Hatua ya nne imekwisha kufumbatwa na methali: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyenunuliwa sokoni au aliyeletwa zawadi atengwe kwa majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenyeji, na asikaribie vifaranga. Kinyesi kifagiliwe na kuondolewa, vyombo vya maji vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani, na vifaranga wapya wasitiwe katika tundu walimofia wenzao kabla ya kusafishwa kikamilifu. Mizoga ifukiwe au ichomwe, isitupwe mtoni.

Suala la lugha

Kwa wapenzi wa Kiswahili, kisa hiki kina upande wake wa istilahi. Kitenzi kuchanja asili yake ni kukata ngozi kwa wembe ili dawa iingie. Leo chanjo hutiwa jichoni au katika maji bila ya kuchanja popote, na neno limeupanuka uwanja wake bila ya kutatiza. Kirusi na virusi yameingia katika ngeli ya KI-VI kana kwamba yalizaliwa humo. Lakini katika kueleza yale yatokeayo baada ya chanjo, uchaguzi wa maneno una athari kubwa. Anayesema kwamba chanjo ni mbovu amefunga mjadala. Anayesema kwamba chanjo haikushika, kama mbegu isivyoshika katika udongo, ameuacha wazi mlango wa kuuliza: je, mbegu ilikuwa hai? Udongo ulikuwa tayari? Kitu gani kilipita shambani kabla ya mpanzi? Afisa wa mifugo, mwalimu na mtangazaji wa redio wanaozungumza na wakulima wa Tana River wana wajibu wa kulitumia neno linaloalika swali.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba Gumboro, kwa kuharibu kifuko cha Fabricius katika siku za mwanzo za maisha ya kifaranga, huondoa uwezo wa mwili wa kujifunza kutokana na chanjo ya kideri. Imeonyeshwa pia kwamba katika mazingira ya Garsen mshukiwa huyu huandamana na joto linaloua chanjo na kinga ya mama inayoizuia, na kwamba ni uchunguzi tu uwezao kumtenga mmoja na mwingine. Mfugaji aliyepoteza kuku waliochanjwa ana haki ya kusikitika, na ana haki ya kupewa maelezo yanayolingana na hasara yake. Akiambiwa tu achanje tena bila ya kuelezwa kwa nini mara ya kwanza haikufaa, atakuwa ametakiwa kuamini asichokielewa. Akielezwa kwamba majuma matatu ya mwanzo ya kifaranga ndiyo yanayoamua mengi ya yatakayofuata, atajua pa kuanzia kulinda: tundu safi, mama mwenye kinga, na mgeni aliyefungwa kamba mguuni. Chanjo ikija baada ya hayo, itakuta darasa limesimama.